Samaki Alikuwa Mzuri

Jana baada ya magharibi jirani wa juu aliunguza tui. Harufu yake huijui mpaka ikukute: huanza tamu, kama kashata iliyo motoni, kisha hugeuka ghafla na kukwama kooni. Iliteremka ngazi, ikaingia kwetu bila hodi. Binti yangu akainua uso kutoka kwenye hesabu zake, akanusa, akaniangalia.

"Baba, leo si wewe?"

Si mimi. Nilikuwa nimekaa kochini na gazeti, mikono safi. Lakini lile "leo" lake lilinichoma kidogo, maana huyu mtoto hata kisa cha yule samaki, changu wa mjomba, hakijui. Hakuwa amezaliwa.

Mliokuwa nami siku nyingi mnaijua biriani yangu ya pweza, na ile pizza ya unga wa mahamri ambayo wageni walinipa pole badala ya hongera. Ule ulikuwa utundu, naukubali. Changu hakuwa utundu. Changu nilimpangia wiki mbili.

Ilikuwa Julai 2011. Nakaa Majengo, Mombasa, ghorofa ya tatu, kapera, na mshahara wangu wote waishia tumboni. Kila Ijumaa tukitoka msikitini nilikuwa na hoteli yangu moja Mji wa Kale, benchi za mbao na feni inayolia, na pale sili kitu ila samaki wa kupaka. Nikawa sili tu, nachunguza. Nachovya kidole kwenye mchuzi, nafumba macho, nahesabu: tui zito, ukwaju, thomu, tangawizi, pilipili mbichi, manjano kidogo, chumvi. Vitu saba. Nikamuuliza mpishi kama kuna cha nane. Akanitazama mwanzo mpaka mwisho, akasema, "Kuna moto." Nikadhani anafanya mzaha.

Hoteli hiyo nilionyeshwa na mjomba, nikiwa darasa la pili. Mjomba wangu alikuwa mpishi wa meli miaka mingi kabla ya kurudi nchi kavu na kutulia kwake Mtongwe, na ulimi wake ulikuwa ukiogopwa na familia nzima. Siku ile alitia tonge moja mdomoni, akatafuna, akamwita mpishi. "Leo nani kakuna nazi?" Mpishi akacheka, akasema ni kijana mpya. "Amefika kwenye kifuu," mjomba akasema, na akaendelea kula. Mimi na miaka yangu minane nikaona hakuna cheo kikubwa duniani kuliko kile: kumeza tonge la samaki na kujua mkono uliokuna nazi.

Basi nilipohisi nimeiva, nikampigia simu. Mjomba, njoo Jumamosi ule kwangu, nakupikia wa kupaka. Kimya kidogo upande wa pili. Kisha: "Samaki nitakuja naye mwenyewe."

Nilifurahi, kwa kuwa Julai ni kusi. Anayejua bahari yetu anajua kusi ni nini: upepo mkali, mawimbi, mashua ndogo zinakaa pwani wiki nzima, na samaki mwenye maana sokoni akionekana bei yake inakufanya ukumbuke maharage. Sikujiuliza yeye atampata wapi. Nilijua tu kwamba mjomba ni mjomba.

Asubuhi ile nilikwenda Marikiti kununua nazi tatu na ukwaju. Wauza nazi wana mashine ya kukunia, sekunde chache na kazi imekwisha, lakini nilikuwa nikipika kwa mtu anayejua kifuu. Nikaazima mbuzi kwa mama mwenye nyumba. Akaileta mwenyewe, na hakuondoka. Akasimama mlangoni mikono kiunoni kumtazama mwanamume mzima juu ya mbuzi.

"Kaza goti, baba. Sasa hiyo wakuna nazi au wapanda farasi?"

Nilikuna polepole, nikiacha nyama nyeupe kidogo ndani ya kila kifuu ili nisije nikafika. Nikakama tui la kwanza, zito kama maziwa ya mtindi, nikaliweka kando kwa heshima zote. Machicha akachukua yeye kwa kuku wake. Ndiyo iliyokuwa kodi ya mbuzi.

Mjomba alifika adhuhuri, amevuka na feri kwa miguu, kikapu cha ukili mkononi, shati limelowa mgongoni. Nikampa shikamoo, nikampokea kikapu. Ndani, juu ya majani ya mgomba, alilala changu wa kilo mbili au karibu yake, matamvua mekundu, jicho linang'aa. Ameshampaa magamba. Ameshampasua mgongoni, ametandazwa kama kitabu. Kazi iliyobaki ilikuwa yangu tu. Mjomba akavua viatu, akaketi sebuleni kwenye kiti cha pekee chenye mito, akafungua redio kwa sauti ya chini.

Na sasa ramani ya nyumba, maana kosa limo humo. Jikoni kuna gesi, na juu yake sufuria ya tui. Roshani kuna jiko la makaa, na juu yake samaki kwenye waya. Katikati ni sebule. Katikati ya sebule ni mjomba.

Nilimbanika samaki kwanza, ngozi chini. Huku nikabandika tui, nikatia thomu na tangawizi iliyopondwa, pilipili, manjano, na kwa kuwa nilikuwa na haraka ya kuonja nikatia na ukwaju wote, hapo hapo, tui likiwa bado halijachemka. Nikakoroga. Nikasikia roshani imesema *tssss*. Nikakimbia. Mafuta ya samaki yamedondokea makaa, moto umeruka, mkia umeshika. Nikamwinua, nikapuliza, nikanyunyiza maji, nikamrudisha. Nikakimbia jikoni, nikakoroga. *Tssss.* Nikarudi roshani. Kila safari napita mbele ya mjomba, nyuma yangu moshi, na kila safari nasema, "Karibu kuiva, mjomba," naye anaitikia kwa kichwa bila kuondoa macho kwenye redio, kama kwamba redio hutazamwa.

Safari ya nne au ya tano, niko roshani nimeinamia waya, nikamsikia.

"Tui lakwita."

Hakupaza sauti. Alisema kama mtu anayekwambia kuna mgeni mlangoni. Mimi sikusikia kitu, wala harufu sikuisikia kwa moshi ulioko puani. Mpaka leo sijui yeye alisikia nini. Labda tui linapokaribia hubadilisha sauti, linaacha kupumua kwa mapovu madogo na kuanza kugugumia. Labda miaka yote ile ndani ya meli, kwenye jiko linaloyumba, ilimfundisha kusikia sufuria kabla ya mwenye sufuria.

Nilisema, "Naja," nikageuza samaki kwanza. Hapo ndipo. Kumgeuza kulichukua muda wa kuvuta pumzi mbili, tatu.

Nilipofika jikoni lilikuwa linachemka kwa nguvu katikati, na pembeni limeanza kujitenga. Nilisimama na mwiko mkononi nikalitazama. Ungedhani ningeruka, ningezima gesi. Sikuzima. Nililitazama likikatika mbele yangu: mafuta yakapanda juu, duara moja la manjano, halafu mawili, halafu yakaungana, chini yake maji ya kijivu, na baina yao madonge madogo meupe yakizunguka polepole, kama maziwa yaliyotiwa ndimu. Lilikuwa zuri, kwa namna yake mbaya. Weupe niliokama asubuhi kwa goti na mkono, ule niliouweka kando kwa heshima, ulikuwa unarudi kila mmoja kwao: mafuta kwa mafuta, maji kwa maji. Chini ya sufuria ikaanza ile harufu.

Mama alinifundisha tangu zamani, na ninyi nyote mmefundishwa: tui likikaribia kuchemka haliachwi, unalichota kwa upawa na kulimimina tena, unalichota na kulimimina, mpaka lichemke likiwa moja. Ndipo kitu kikali kifuate. Ukwaju ukitangulia, moto ukiwa mwingi na mkono haupo, litakatika hata lingekamwa na malaika. Nilikuwa nayajua yote haya. Nilikuwa nayajua vizuri sana, kwa mdomo.

Yaliyofuata nayapitia mbio. Nilitia kijiko cha tui la pili, nikapiga kwa uma. Nikalitia kwenye blenda, likaungana kwa dakika moja nikafurahi, nikalirudisha motoni likakatika tena mara mbili ya mwanzo. Mwiko wenyewe nikauacha umelalia ukingo wa jiko, ukaungua ncha. Ninao mpaka leo. Mwisho nikampaka samaki vile vile, madonge na mafuta yake, nikamrudisha juu ya makaa nikiomba moshi ufunike. Wali ulikuwa salama. Kachumbari ilikuwa salama, kachumbari haina wa kumlaumu.

Tukakaa mkekani. Mjomba akasema bismillahi, akaanza. Alikula taratibu, kama anavyokula siku zote, akimtoa miba kwa vidole viwili. Alikula ubavu wake wote. Akanimegea shavu la samaki, akaniwekea upande wangu wa sinia. Akafyonza kichwa, akafyonza macho, akapanga miba kando kama mtu anayehesabu fedha. Nilisubiri. Niliwaza sasa ataniuliza nani kakuna nazi, na angalau kwa hilo ningekuwa na la kusema.

Akanawa mikono. Akajifuta. Akasema:

"Samaki alikuwa mzuri."

"Ahsante, mjomba," nikasema, uso umenichanua.

Nilimsindikiza mpaka kituo cha matatu za Feri. Nikarudi nikaosha vyombo nikiimba. Ilikuwa usiku, nimeshalala, ndipo nilipofungua macho gizani. Samaki. Alisema samaki. Samaki kaleta nani?

Nimeigeuza sentensi ile miaka yote hii kama nilivyomgeuza yule changu. Kuna siku naona alinistiri, kwa kuwa mjomba hasemi uongo na hakutaka kuniumiza, basi akatafuta neno la kweli lililobaki kwenye sinia. Kuna siku naona alinitia fimbo. Ningekuwa na hakika ya moja ningelala.

Jana, baada ya kumsimulia binti yangu, akacheka mpaka kalamu ikamwanguka. Kisha akasema, kwa ile akili yao isiyozunguka, "Si umpigie umuulize?"

Nikampigia. Masikio yake yamepungua nguvu, redio bado inalia nyuma.

"Mjomba, unamkumbuka yule samaki wa kupaka niliyekupikia Majengo?"

"Samaki gani?"

"Changu. Ulikuja naye mwenyewe. Wakati wa kusi."

Kimya. Nikamsikia mkaza mjomba akimuuliza ni nani huyo.

"Aaa, yule," akasema. "Yule nilimkopa. Nilimlipa yule mchuuzi wa Likoni kwa mafungu matatu."

Nikabaki na simu sikioni. Nilitaka kumuuliza juu ya tui, nilikuwa nimeshalipanga swali, lakini mkaza mjomba akaita kwamba chakula kitapoa, na mjomba hajawahi kukifanya chakula kisubiri.

Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni.

"Amesema nini?"

"Amesema samaki alikuwa ghali."