Wijeti ya Voyager 1 ilivyoacha kuganda

Wijeti yangu (kijisanduku cha kwenye skrini ya mwanzo ya simu) inayoonyesha umbali wa Voyager 1, chombo cha anga cha NASA, kutoka duniani ilikuwa inaganda: asubuhi hadi jioni namba ileile, na chombo chenyewe kinakata kilomita 17 kwa sekunde! Simu ilikuwa inaibana isivute data chinichini, eti kuokoa betri. Kuiondolea kizuizi hicho kulisaidia kidogo tu.

Nikaachana na kuvuta data. Nilipakua jedwali la umbali wa kila siku, mwaka mzima, kutoka Horizons, huduma ya mtandaoni ya JPL (maabara ya NASA) inayotoa mahali vilipo vyombo na sayari; sasa simu inapiga yenyewe hesabu ya umbali wa muda ulio kati ya siku mbili za jedwali, hata bando likiisha. Inajichora upya kila nusu saa, yatosha.

Umbali ukipungua miezi fulani, usiguse kitu. Dunia hulizunguka Jua kwa kilomita 30 hivi kwa sekunde, hivyo kuna kipindi inakikaribia chombo.