Akaunti inayojifunga tarishi akirudi kutoka Posta

Kufungua akaunti iliyojifunga ni kubofya mara moja tu, na ubaya wake uko hapohapo. Mtu anapiga simu, unamfungulia, anakuombea baraka, unarudi kwenye chai yako. Saa haijaisha anapiga tena. Mafundi wengi wa maofisini hapa mjini siku zao zinaenda hivyo, na wakichoka wanamgeukia mtumiaji: "Utakuwa unakosea pasiwedi."

Mama wetu wa uhasibu hakuwa anakosea. Tupo Barabara ya Nyerere, upande wa Tazara, ghala chini na ofisi juu, na nilisimama nyuma ya kiti chake nikamwona: anaandika kwa kidole kimoja, midomo ikicheza, na inakubali papo hapo. Mchana sasa, akifungua faili la mishahara lililo kwenye seva, anakataliwa.

"Kijana wangu, limenitoa tena. Na leo tarehe saba, TRA wanataka PAYE yao."

"Shikamoo mama, nakuja."

Kwetu ukikosea nywila mara tano akaunti inafungwa. Seva haijali aliyekosea ni mtu, programu au kifaa, ila inaandika. Kwenye Active Directory, mfumo wa Windows unaotunza akaunti za ofisi, akaunti ikifungwa, kumbukumbu za usalama hupata tukio namba 4740, na ndani yake kuna jina la mashine iliyoleta nywila mbovu. Kama mna seva kadhaa za akaunti, anzia kwenye ile yenye jukumu la PDC, yaani kiongozi wao, maana wenzake huipelekea habari za nywila zilizokosewa.

Mara nyingi jina hilo linamaliza kesi. Ikiwa ni kompyuta ya mhusika mwenyewe, tazama nywila za zamani zilizohifadhiwa kwenye Credential Manager, folda za seva zilizounganishwa, na kazi zinazojiendesha kwa ratiba. Ikiwa ni seva, huenda aliingia kwa mbali akafunga dirisha bila kutoka. Au kuna huduma inayoendeshwa kwa akaunti ya mtu binafsi, uchafu ninaouchukia kuliko wote, kwa sababu aliyeuweka huwa ameshaacha kazi.

Safari hii jina lilikuwa la seva yetu ya RADIUS, inayohakiki wanaoingia kwenye Wi-Fi. Kompyuta ya mama ikatoka kwenye orodha ya watuhumiwa. Lakini RADIUS ni mpeleka maneno tu, kuna aliyemtuma. Seva ya Windows inayofanya kazi hiyo, NPS, ikikataa kifaa huandika tukio 6273, lenye jina la akaunti na anwani ya MAC, namba inayotambulisha kifaa kwenye mtandao. Nikailinganisha na simu ya mama. Siyo yake.

Kilichonisaidia zaidi ni saa. Asubuhi kulikuwa kimya kabisa. Akaunti ilijifunga saa tano, siku nyingine saa saba, na siku ya foleni mbaya ilichelewa mpaka alasiri. Kompyuta gani inajua habari za foleni? Na maombi yote yalipitia kifaa cha Wi-Fi cha mapokezi, pale anapokaa tarishi wetu, ambaye asubuhi hutokea kwao moja kwa moja hadi benki Posta, ndipo aje ofisini.

"Kaka, hiyo simu umeipata wapi?"

"Si mama wa uhasibu alinipa, aliponunua mpya."

Kioo kimepasuka kona, mfuniko wa nyuma umeshikwa na mpira wa kufungia noti. Ndani, mtandao wa ofisi umehifadhiwa kwa jina la mama na nywila yake ya zamani. Jamaa akiingia getini, simu inajaribu, inakataliwa, inajaribu tena, yeye mwenyewe hana habari. Kabla mama hajabadilisha nywila, jamaa alikuwa anakula intaneti ya ofisi kwa jina la mama, akidhani bando lake siku hizi lina baraka.

Nikaufuta mtandao ule kwenye simu, kesi ikafa.

Ila chanzo bado kipo: sisi tunalazimisha watu wabadilishe nywila kila siku 90. Microsoft waliliondoa sharti la nywila kuisha muda kwenye mapendekezo yao ya usalama ya Windows mwaka 2019, na NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ilishasema mwaka 2017 kwamba mtu asilazimishwe kubadilisha bila dalili kuwa nywila imevuja. Wakaguzi wetu bado wana kisanduku chao cha kuweka tiki, na bosi hataki kubishana na wakaguzi. Alichokubali ni kompyuta za ofisi kuingia kwenye Wi-Fi kwa cheti cha kidijitali badala ya nywila, na simu zote kuhamia mtandao wa wageni. Naanza na ghorofa ya uhasibu, baada ya kufunga hesabu za mwezi.