Ute Umefika, Lori Bado Liko Tunduma

Jumapili, usiku

Asubuhi nimeuona tena ule ute. Hauna rangi, unateleza, ni kama ute wa yai bichi. Niliubana kati ya kidole gumba na cha shahada, nikavitenganisha pole pole, ukavutika bila kukatika. Juzi ulikuwa mzito na mweupe, unang'ang'ania. Basi nikajua siku za kushika mimba tunayoitafuta ndizo hizi.

Nikampigia mume wangu. Yuko Tunduma, mpakani na Zambia, kwenye foleni ya malori, anarudi kutoka Lubumbashi. Nikamwambia kwa mafumbo, maana utingo wake huwa karibu. Akacheka: "Mke wangu, liambie lisubiri." Nikacheka kidogo tu.

Halisubiri. Yai likishatoka huishi saa 12 mpaka 24, basi. Mbegu za mwanamume ndizo zenye subira: zikikuta ute wa namna hii zinaweza kukaa hai hata siku 5. Kwa hiyo siku nzuri hasa ni zile mbili tatu kabla yai halijatoka. Anayengoja mpaka awe na uhakika kwamba limetoka, mara nyingi amechelewa. Kwa mke wa dereva, hilo lina maana moja: mume anatakiwa awe nyumbani mapema kuliko dalili zenyewe. Sasa nenda kawaeleze hayo watu wa forodha.

Programu ya simu imeniwekea alama Alhamisi. Siilaumu, inapiga hesabu tu kwa miezi iliyopita, haijui nililala vipi wala niliumwa nini. Shuleni tulikaririshwa siku ya 14, na mpaka leo mashoga zangu wanaitaja kama sheria. Siku ya 14 ni ya mwenye mzunguko wa siku 28. Kipindi kinachofuata baada ya yai kutoka ndicho kisichoyumba sana, kwa wengi siku 12 hadi 14. Kinachorefuka na kufupika ni kile cha kabla. Mwenye mzunguko wa siku 35 yai lake linaweza kutoka kwenye siku ya 21, wakati yeye alishakata tamaa wiki nzima iliyopita.

Kipimajoto nimekiweka kabatini. Nilinunua kile cha desimali mbili, nikawa napima kabla sijanyanyua hata shuka. Kazi yake ni kweli: yai likitoka, homoni ya projesteroni hupandisha joto la mwili kati ya nyuzi 0.2 na 0.5, na hubaki juu mpaka hedhi ikaribie. Lakini linapanda yai likiwa limeshatoka! Hiyo ni habari ya jana. Itakusaidia kuujua mwili wako baada ya miezi kadhaa, siyo kuamua usiku wa leo. Halafu kinataka saa ileile kila siku, na mimi siku za biashara naamka saa kumi alfajiri kukoroga unga wa vitumbua, Jumapili nalala mpaka jua lichome dirisha. Mchoro wangu ulikuwa milima na mabonde.

Vipimo vya mkojo vya kubashiri yai kutoka navipenda zaidi, tatizo ni kuvipata. Kijana wa duka la dawa alinipa cha mimba. "Si ni vilevile, dada?" Sio vilevile hata kidogo. Cha mimba, mstari hata ukififia una habari. Hiki, mstari wa pili lazima ukolee sawa na ule wa kulinganishia, au uuzidi. Hapo homoni ya LH, ile inayolisukuma yai litoke, imepanda na yai linatarajiwa ndani ya saa 24 mpaka 36 hivi. Nesi alinionya kwamba wenye ovari zenye vifuko vingi homoni hiyo huweza kuwa juu hata yai lisipotoka, kwa hiyo kinaweza kuwadanganya.

Nesi huyohuyo ndiye aliyenikataza ndimu. Wifi yangu, kwa nia njema kabisa, alinishauri nijisafishe kwa ndani na maji ya ndimu "njia ifunguke." Nesi akasema unaosha ute uleule unaozibeba mbegu, na unajichubua bure. Akanianzishia vidonge vya foliki, vitamini ya wanaojiandaa kushika mimba, akaniuliza na sindano ya uzazi wa mpango niliyokuwa nachoma kila miezi 3. Wengi wanaoiacha, rutuba hukawia kurudi, mimba inaweza kuchukua miezi 10 hivi tangu sindano ya mwisho. Natamani ningeambiwa hivyo siku naanza kuchoma.

Mama mkwe haulizi moja kwa moja. "Mwanangu, harufu ya mafuta haikukeri siku hizi?" Namjibu, mama, mimi nauza vitumbua, ikinikera tutakula nini?

Kinachonichosha si dalili, ni kuzivizia. Kuna usiku mume wangu alinitazama akauliza kama leo ni mapenzi au ni ratiba. Sikuwa na jibu la haraka.

Kliniki wametuambia waliojaribu mwaka mzima waje wote wawili, na mwanamke aliyetimiza miaka 35 asisubiri zaidi ya miezi 6. Wote wawili, siyo mimi peke yangu na kitabu changu cha tarehe. Amekubali kupima mbegu, na kwa wanaume wa mtaani kwetu hilo si jambo dogo. Sharti ni kwamba awe amekaa bila tendo la ndoa siku zisizopungua 2 wala kuzidi 7. Yeye barabarani ameshazipita. Kwa hiyo akifika, kwanza tukutane kama mke na mume, siku za hatari zikiwa zimeshapita na hakuna wa kuangalia kalenda, kisha ajizuie siku 3, ndipo aende maabara.

Nimemtumia ujumbe na utaratibu wote huo. Amejibu: "Sehemu ya kwanza naiweza."