Mguu gani ulikuwa mbele?

Agosti 2018 shule zilikuwa zimefungwa, nikamchukua binti yangu tukapanda matatu Mombasa mpaka Malindi kwa shangazi yake. Alikuwa na miaka 9 na safari nzima wimbo wake ulikuwa mmoja tu, kusimama juu ya bodi ya kupandia mawimbi. Binamu zake walikuwa nayo moja ya sponji, kuukuu, kona imeliwa, na wao walikuwa washajua kupanda mawimbi, yeye bado.

Watu wengi hudhani pwani yetu haina mawimbi ya kupanda, manake miamba inayavunja huko nje kabla hayajafika. Na kweli ukienda upande wa Casuarina kwenye marine park ndo utakavyoona, mstari mweupe kule mbali na huku maji yametulia. Lakini ghuba yenyewe, kutoka mjini kuelekea mdomo wa mto Sabaki, ni mchanga tu, kwa hivyo kusi ikivuma wimbi linaingia zima zima mpaka ufuoni. Maji yenyewe mara nyingi ni rangi ya chai ya maziwa, mto unashusha udongo kutoka bara huko, ila chini ni laini, mtoto akianguka haumii.

Siku ya tatu nimeketi mchangani na simu mkononi. Kazi yangu wakati huo ilikuwa kutoa mizigo bandarini, na kontena ya mteja ilikuwa imekwama, siku za bure zimeisha, kila siku storeji inaongezeka, mteja anatuma voisi noti moja baada ya nyingine na mimi najibu. Nikasikia watoto wanapiga kelele. Nikainua kichwa, binti yangu anatoka majini mbio, bodi inaburutwa nyuma kwa kamba.

"Baba umeona? Nimesimama! Umeona?"

"Nimeona mama, hongera sana!"

Akanitazama, akatazama simu. "Mguu gani ulikuwa mbele?"

Nikasema wa kulia.

Akaketi chini, akaanza kuchora mchanga kwa kidole. "Ulikuwa wa kushoto," akasema, sauti ya kawaida kabisa, wala hakulia, na mpaka leo nikikumbuka ile sauti kifua kinabana, kwa sababu angelia ningembembeleza yakaisha, lakini yeye alikuwa ashazoea.

Usiku nilimpigia mwenzangu wa kazini nikamwambia ile kontena ni yako mpaka Jumatatu, simu nikampa dada yangu aiweke kabatini. Hakuniuliza kitu.

Asubuhi niliingia majini naye. Kuna mzee mmoja mvuvi alikuwa anakunja nyavu pale, akatwambia msiipe bahari mgongo, tazameni kule nje, mawimbi huja kwa mafungu, fungu likipita kunatulia kidogo halafu linakuja jingine. Basi nikasimama maji ya kifuani nimeshika mkia wa bodi, yeye amelala juu kwa tumbo, tunangoja. Na pale huwezi kuwaza kontena, nakwambia. Ukiwaza, wimbi linakupiga la uso, bodi inakutoka, mtoto anazama na kuibuka anakohoa, ilitokea mara moja tu ikanitosha.

Kule kungoja ndo kulikuwa na mambo. Niligundua anahesabu kimoyomoyo, midomo inacheza. Niligundua akiogopa anakunja vidole vya miguu. Na kwenye kifundo cha mguu wa kulia alikuwa na kovu refu kama kidole changu, limeshapona kitambo, na mimi silijui. Nikamuuliza. Akaniambia alianguka kwenye ngazi za shule, mwezi wa tatu. Mwezi wa tatu! Na tunalala nyumba moja. Akanieleza yote, nani alimsukuma, nani alimletea maji, mwalimu alisema nini, na mawimbi mazuri kama manne yakatupita hivi hivi tukiongea.

La tano akasema "hili baba", nikasukuma kwa nguvu nikaachia. Nilimwona kwa nyuma tu, mgongo mwembamba, akajiinua kwa mikono, magoti, akasimama. Kushoto mbele. Mkono mmoja juu kama anashika kitu hewani, akaenda, akaenda mpaka maji ya magotini, akaruka.

Akageuka. Safari hii hakuuliza kama nimeona, alivuta tu kamba ya bodi akaanza kurudi kwangu akikata maji, anapiga kelele "tena baba, tena!"