Lamu Mashariki na siku 30 za kwenda kortini

Kila IEBC, tume ya uchaguzi na mipaka ya Kenya, wakitaja mipaka ya maeneo bunge, mimi hufungua Katiba kifungu cha 89 na kushika kalamu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 47,564,296. Wagawe kwa maeneo bunge 290, unapata kama 164,000 kwa kila eneo. Miji mikubwa na sehemu zenye watu wachache zinaruhusiwa kupungua kwa asilimia 40, yaani hadi 98,000 hivi. Sisi wa Lamu Mashariki tulihesabiwa 22,258. Hata tukiunganishwa na wenzetu wa Lamu Magharibi, kaunti nzima ni 143,920, haifiki wastani wa eneo bunge moja. Ndiyo maana silali: eneo bunge letu linaweza kufutwa.

Mwaka 2012 tuliokolewa na sentensi moja katika Jedwali la Sita la Katiba: mapitio ya kwanza yasifute eneo bunge lolote lililokuwapo. Ya kwanza. Mapitio hayo yalishapita, na kinga ikaisha nayo.

Watu wengi kwetu wanadhani tukifutwa tutaandamana. Jamani, maandamano hayatarudisha kiti. Katiba inampa mtu yeyote siku 30 tangu mipaka ichapishwe katika Gazeti Rasmi kwenda Mahakama Kuu, nayo mahakama miezi mitatu kuamua. Mwaka 2012 zilipelekwa kesi zaidi ya 100, na mwezi wa Julai zikaamuliwa. Kuna walioshinda: wadi zikahamishwa, majina yakabadilishwa. Majirani zetu wa Mandera, Wajir na Garissa wao walipinga sensa yenyewe, na Januari 2025 Mahakama Kuu ya Garissa ikabatilisha matokeo ya baadhi ya maeneo yao.

Kwetu hoja ya hesabu haipo, hata tukihesabiwa upya. Hoja yetu ni jiografia na njia za mawasiliano, ambazo kifungu hichohicho kinaitaka tume izizingatie. Faza ni kisiwani. Kiunga iko mpakani na Somalia. Basuba ni msitu wa Boni. Kusi ikivuma na bahari ikichafuka, boti hulala, na mama anayefuatilia basari ya mwanawe, msaada wa karo, kwenye ofisi ya mbunge hungoja ufukweni mpaka nahodha akubali kutoka. Sasa mwambie mama huyo ofisi ya mbunge imehamia Mpeketoni, kule Lamu Magharibi.

Hayo jaji hayajui mpaka yaandikwe kwa hati ya kiapo. Kwa hiyo naomba wazee wa Siyu, Kizingitini, Ndau na Mkokoni, na manahodha hasa: anzeni sasa kuandika nauli, saa za safari na siku ambazo bahari imewafungia. Mwenye daftari la boti asilitupe.