Miche yangu ya avokado ilikuwa inakufa, hivi ndio nilitatua

Miaka miwili nimekuwa nikinunua miche ya Hass, aina ya avokado, kwa wauzaji wa maua kando ya barabara hapa Nairobi, nikipanda inadumaa tu, majani yanakuwa yelo halafu inakauka. Siku moja nikang'oa mmoja, kumbe mizizi imejizungusha ndani ya karatasi ya kuoteshea kama kamba na shina halina kovu la kuunganishwa (pale kikonyo cha mti mzuri kinapoungwa kwenye mche), yaani ni ya mbegu tu! Iliniuma sana. Nikaenda KALRO, taasisi ya serikali ya utafiti wa kilimo, kule Kandara, wanaojua miche ya matunda, nikachagua yenye kovu linaonekana vizuri. Nilipanda minne, yote imeshika. Ya kuunganishwa huanza kuzaa kama miaka 3, ya mbegu unangoja zaidi na tunda linaweza kutoka tofauti kabisa.