Tanga hadi Zigi kwa Baiskeli, Mbali na Barabara Kuu

Kwa miaka mingi baiskeli yangu haikuvuka Pongwe. Tanga ni mji wa baiskeli. Ardhi ni tambarare, na wake kwa waume huziendesha kwenda sokoni, kazini na madrasa, lakini anayetaka kutoka nje ya mji hujikuta pembezoni mwa barabara kuu akigombea upenyo wa lami na malori ya mizigo. Siku moja basi lilinipita karibu mno hata kioo chake cha pembeni kikanipiga bega, nikaingia mtaroni pamoja na kapu la machungwa niliyokuwa nimeyafunga kwenye karia. Sikuumia sana, ila niliapa kwamba Muheza nitafika kwa njia nyingine au sitafika kabisa.

Wazo la njia hiyo lilitoka mbali. Mdogo wangu anayeishi Birmingham, Uingereza, alinieleza kwa simu kwamba kila Jumapili huendesha baiskeli nusu siku bila kukutana na gari, kwa kufuata mifereji ya zamani iliyochimbwa kwa ajili ya mashua za makaa ya mawe. Kando ya mfereji palitengenezwa njia ya farasi waliozivuta mashua hizo, na kwa kuwa maji hayapandi mlima, njia nayo haipandi, isipokuwa kidogo penye milango ya kuinulia mashua. Nikabaki najiuliza ni nani huku kwetu aliyewahi kusawazisha ardhi ili mzigo mzito uvutwe kwa nguvu ndogo, na jibu nilikuwa nikilipita kila siku. Reli ya Tanga, ya kwanza Tanzania Bara, ilianza kujengwa mwaka 1893 na ikafika Muheza mwaka 1896. Mwaka huohuo wa 1893 Mjerumani Richard Hindorf alileta miche ya mkonge, ikapona 62 tu, na kutokana na hiyo yakaenea mashamba ambayo ndani yake zilitandazwa reli ndogo za vitoroli vya kupelekea majani kwenye korona, yaani kiwanda cha kuchambulia nyuzi za mkonge. Sikuwa na haja ya reli yenyewe, kwani kuendesha baiskeli juu yake si salama wala si ruhusa. Nilihitaji njia za mashamba yanayopakana nayo, ambazo leo hupitwa na matrekta.

Shamba la mkonge lina mwenyewe, kwa hiyo nilianzia getini.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Umepotea?”

“Sijapotea. Naomba kupita ndani niende Ngomeni.”

“Ngomeni? Si lami ile pale, mwanangu, huku waja kutafuta nini?”

Nilipomsimulia habari ya basi na machungwa alicheka mpaka akakohoa, kisha akanipeleka mwenyewe kwa meneja. Ruhusa nilipewa kwa masharti mawili: nisikatize katika vitalu vinavyovunwa, na nisiwashe moto wa aina yoyote, hata sigara. Mashamba mengine mawili niliyaomba kwa namna hiyohiyo, na nakiri kwamba shughuli hiyo ilinichukua muda mrefu kuliko safari yenyewe.

Jaribio la kwanza nililifanya mwezi wa tano, masika yakiwa bado hayajaisha, na lilikuwa upumbavu. Udongo mwekundu ulijaa kati ya tairi na madigadi, magurudumu yakagoma kuzunguka, nami nikawa naukwangua kwa kijiti kila baada ya hatua ishirini, mwishowe nikaibeba baiskeli begani. Kabla sijatoka huko mwiba wa ncha ya jani la mkonge, ambao ni mgumu kama msumari, ulitoboa tairi la nyuma mara mbili. Nilirudi nyumbani magharibi, na mke wangu hakuniuliza lolote. Alinionyesha bomba la maji kwa kidole.

Fundi wangu wa Ngamiani ndiye aliyeiweka sawa baiskeli. Aling'oa madigadi yote mawili, akafunga matairi mapana yenye meno, halafu akachukua tyubu kuukuu, akalipasua kwa urefu na kulilaza kati ya tairi na tyubu jipya ili mwiba ukutane na ngozi mbili badala ya moja. Upepo alitia kiasi tu, akawa anabonyeza tairi kwa dole gumba mpaka likaingia kidogo. Nilidhani ni upungufu, naye akaniambia kwamba tairi lililojaa sana hurukaruka juu ya kokoto na kumchosha mwendeshaji bure. Ilikuwa kweli.

Nilitoka tena mwezi wa tisa, saa kumi na mbili kasoro robo alfajiri. Ndani ya mkonge kosa rahisi ni kupotea, kwa maana mimea hupandwa kwa mistari pacha, kati ya pacha moja na nyingine kukiwa na nafasi ya kama mita nne, na kila kitalu hufanana na kilichopita kama sare za shule. Nilijifunza kuiweka milima ya Usambara mbele yangu na kusikiliza upande wa korona. Hata ukiwa hujaisikia mashine, harufu kali ya mabaki hukuelekeza, kwani katika jani zima singa, yaani nyuzi, ni kama asilimia 4 tu na kilichobaki ni maji na nyama ya jani inayochacha. Penye korona ya mwisho nilisimama kutazama singa zilizoanikwa juu ya nyaya, ndefu, nyeupe, zikipepea, nikaelewa kwa macho kile tunachokitamka kila siku tunaposema mtu ana nywele za singa.

Muheza niliingia saa tatu na nusu. Nilikuwa nimekata lami mara tatu tu, na kila mara nilishuka nikakokota. Baada ya chai niliendelea na njia ya vumbi ya kwenda Amani, ambayo ilikuwa na magari machache, hadi katika msitu wa mitiki wa Longuza. Majani makavu ya mtiki ni mapana kuliko sahani na hulia kama karatasi chini ya tairi, lakini huficha mawe, na hapo nilipunguza mwendo baada ya rimu ya mbele kugonga jiwe ambalo sikuliona.

Zigi, kwenye lango la hifadhi ya msitu wa Amani, nilifika saa nane kasoro, nikalipa kiingilio. Wajerumani waliwahi kuleta mpaka hapo reli nyembamba ya upana wa sentimita 75 kutoka Tengeni, ya kuteremshia mbao. Reli iling'olewa zamani, ila nyumba ya mkuu wa stesheni ingalipo. Niliiegemeza baiskeli kwenye ukuta wake, nikakagua matairi yote mawili kwa kiganja, nikachomoa miiba minne. Hakuna hata mmoja uliokuwa umefika kwenye tyubu.